Mate ya Susu

Mama yangu aliuawa mbele ya macho yake mwenyewe, Jumamosi moja ya mwaka 2008, ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kitengela. Aliyemuua alikuwa mtoto wa darasa la tatu, kamasi zinamtoka. Alimrushia chumvi, mama akapiga ukelele kwenye skrini, akayeyuka, na pale alipokuwa amesimama pakabaki sarafu za dhahabu. Watoto wakashangilia. Mama halisi, aliyekuwa ameketi kando yangu kwenye benchi na kiondo chake mapajani, alizitazama zile sarafu zikiokotwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kavutha, huyo ni mimi?"

Ningemdanganya vipi? Kikongwe wa kwenye gemu alikuwa na pengo la mama kwenye meno ya chini. Kitambaa chake cha kichwani kilifungwa upande, kama anavyofunga mama. Hata jina lilikuwa lake: Susu, yaani nyanya, jina ambalo watoto wote wa mtaa wetu walimwita, wawe Wakamba au la.

"Ni wewe, Mwaitu," nikasema, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama.

Lakini yule hakuwa Susu wangu. Mimi nilimwandika Susu, na nilimwandika vizuri, na hilo nitalisema hadi siku nitakayofukiwa.

Nilianza kumwandika mwaka 1996. Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi Kajiado mjini, na tulipanga nyumba Kitengela kwa sababu mume wangu alikuwa karani Nairobi na hakuna aliyekubali kubeba safari yote peke yake. Mama alikuwa ametoka Ukambani kuja kukaa nasi baada ya baba kufariki. Kila asubuhi Soila, mama wa Kimaasai aliyetuuzia maziwa, alipiga hodi na mtungi wake, na yeye na mama walisalimiana kwa Kimaasai cha kuokoteza na Kiswahili cha kuokoteza, wakicheka wenyewe kwa wenyewe. Siku moja Soila alichelewa kuja, na hakucheka. Mume wake, Metito, alikuwa ameuza shamba.

"Alikuja mtu mzuri," Soila alituambia. "Hana kelele. Anauliza habari ya ng'ombe moja moja. Analetea mzee mkate na soda, kila wiki. Sasa kuna seng'enge mpaka mtoni, na ng'ombe yangu inazunguka."

Huyo mtu mzuri tulimjua wote. Alikuwa dalali wa ploti, mzee wa kanisa, shati lake limepigwa pasi hadi unaweza kujikata nalo. Hakuwahi kumtukana mtu. Nilimtazama Jumapili iliyofuata akiwashika wajane mikono na kuwauliza habari za magoti yao, nikapandwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Basi nikaipeleka kwenye karatasi.

Ndivyo alivyozaliwa Bwana Waya. Katika riwaya zangu mbili kuna nchi ya tambarare ambako pepo za malisho zina majina na wanyama wanahama kwa nyimbo. Bwana Waya anaingia humo kama mgeni, kwa adabu. Anasalimia. Anakunywa chai. Na popote anapokunywa chai, asubuhi yake waya unachipuka kutoka ardhini. Hakuna anayempiga vita kwa sababu hakuna anayemwona kuwa adui. Wanaoumia wanalaumiana wao kwa wao. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo ndilo nililotaka watoto walijue mapema, kabla hawajakua wakaanza kutia sahihi.

Dhidi yake nilimweka Susu. Hakumpa upanga mtoto yeyote. Alifanya tu kile mama yangu alichokifanya maisha yake yote: alimwita mtoto, akamfungua kifungo cha juu, akamtemea mate kifuani, mate mepesi kama manyunyu, akasema, "Mungu akutangulie." Katika kitabu, mtoto aliyebarikiwa hivyo waya ulimwachilia, akapita.

Wakamba hubariki hivyo. Wamaasai pia hubariki hivyo, na ndiyo maana Soila hakuona ajabu yoyote. Wajukuu wake wote waliletwa kwa mama wakiwa bado wanaishi kwenye shuka. Majirani wetu wa kutoka magharibi walishtuka mwanzoni, kisha wakazoea. Caren Akoth, aliyekaa mlango wa pili, alimleta kifungua mimba wake mwenyewe. "Susu, huyu naye mtemee," alisema, "asije akabaki nyuma ya wengine." Mama alivimba kichwa kwa muda mrefu. Vitabu vilipotoka aliwaambia watu kanisani, "Mimi niko kwa kitabu," na akakibeba kimoja kwenye kiondo ingawa hakujua kusoma.

Nikafika hapo nikadhani nimemaliza.

Mwaka 2007 akaja Roy. Mchapishaji wangu alikuwa ameuza haki za gemu bila hata kunipigia simu. Nilijua siku kijana huyo aliposimama mlangoni kwangu na kamera shingoni. Alikuwa mpole, msomi, na alikuwa amevisoma vitabu vyote viwili. Alimpiga mama picha akichambua mboga, akicheka, akifunga kitambaa. Wakati wa kuaga mama alimvuta karibu, akamfungua kifungo, akambariki kwa kazi yake. Roy alicheka kwa adabu. Lakini nilimwona kwenye lango akijipangusa kifua kwa karatasi laini, mara ya kwanza na ya pili, na kuinusa ile karatasi kabla ya kuitupa. Nadhani sumu ilianzia hapo.

Gemu ilipotoka nilialikwa Nairobi kuizindua. Nilivaa vizuri. Nikasimama mbele ya skrini kubwa na glasi ya maji ya machungwa mkononi, nikamwona Susu akiruka kutoka kichakani, macho ya njano, akitema mate ya kijani yaliyotoboa ngao za watoto. Watu wakasema "Wah!" Nilimtafuta Bwana Waya. Nilimpata kwenye soko la gemu, akitabasamu nyuma ya meza. Ukiokota sarafu za kutosha unampelekea yeye, naye anakuuzia ploti na kukuzungushia ua wa waya ili Susu asikufikie.

Nilimshika Roy mkono, nikamvuta pembeni.

"Umemfanya nani mbaya?"

"Madam, tulijaribu, aki," alisema, na naamini alisema kweli. "Lakini Bwana Waya ni msmart sana. Anasalimia tu, anaketi. Player atampiga aje mtu anamsalimia? Villain lazima aonekane. Ukimwona tu, unajua ni huyu."

"Na Susu anaonekana mbaya?"

Akakwaruza shingo. "Anatema watu mate, Madam."

"Anawabariki!"

"Sisi tunajua. Mtoto wa Buruburu hajui."

Nilitaka kummwagia ile glasi. Sikummwagia, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na nguo haikuwa yangu. Nilimwomba aitoe. Akasema CD zimeshasambazwa. Nikamwomba abadilishe jina angalau. Akasema, akifurahi kwa niaba yangu, kwamba Susu ndiye watu wamempenda kuliko wote.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Nilidhani gemu ya watoto wa Nairobi itabaki Nairobi. Mwezi haukuisha kabla ya kibanda cha nyuma ya soko kuiweka.

Walianza watoto. Mama aliporudi kutoka dukani jioni moja kitambaa chake kilikuwa cheupe, na nilipomkaribia nikaona ni chumvi. Imejaa kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya shingo.

"Wanacheza," alisema. "Wananirushia halafu wanakimbia. Sijui ni mchezo gani, lakini wanacheka sana." Na yeye alikuwa anacheka. Nilimwosha kichwa kwenye karai, naye akinituliza eti watoto ni watoto.

Kisha wakaja wazazi, na wao hawakurusha kitu. Katika nchi hii Mkamba akipiga chafya watu hutafuta hirizi. Mbegu ya kuamini ilikuwepo, gemu ilinyunyiza maji tu. Hakuna aliyemwita mama mchawi. Walianza kupita upande wa pili wa njia. Waliwaita watoto ndani alipotoka kuanika nguo. Yule dalali, aliyekuwa amekata salamu tangu kitabu cha kwanza, alinisubiri nje ya kanisa akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu! Hiyo gemu yenu ni safi sana. Wajukuu wangu hawalali. Na mama, magoti yake yanaendeleaje?"

Nilimjibu kwamba yanaendelea vizuri. Nitamjibu nini kingine mtu aliyekusalimia?

Caren alijifungua mtoto wa pili Julai 2008. Mama alipika uji wa wimbi, akafunga kitambaa kisafi, akaniambia tuende. Nilimkataza. Nikamwambia mtoto bado mchanga, kuna baridi, twende wiki ijayo. Akaniangalia kama mtu anayeona ng'ombe akipanda ngazi, akabeba uji wake, nami nikamfuata nikiomba Mungu.

Caren alipokea uji. Alitushukuru vizuri sana. Mama akanyoosha mikono kumpokea mtoto, na Caren akampandisha mtoto begani, akamvutia shali hadi masikioni, akageuka nusu, mgongo wake ukiwa kati ya mtoto na mama.

"Amelala, Susu. Wacha tu alale."

Mtoto alikuwa macho. Tulimwona sote wawili, akitutazama juu ya bega la mama yake. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Caren hakumpa hata amguse. Na sikuweza kumchukia Caren kama nilivyotaka, maana alikuwa akitetemeka.

Mlangoni kwetu ndipo mama alipouliza, "Ni ule mchezo wa chumvi?" Nikasema ndiyo. "Nipeleke nikauone."

Ndivyo tulivyofika kwenye kile kibanda Jumamosi ile. Watoto walipomwona akiingia nusu yao walitoka mbio. Waliobaki waliganda, kisha mchezo ukawashinda nguvu wakaendelea. Mama alitazama hadi mwisho. Aliuliza kwa nini yule kikongwe anatoka tena baada ya kuuawa, nikamwambia ndivyo gemu ilivyo. Aliuliza yule wa waya yuko wapi, nikamwonyesha nyuma ya meza yake akiuza ploti.

"Huyo anajua kazi," akasema.

Kisha akamgeukia mtoto wa kamasi. "Na mimi naweza kuchezea upande wa huyo kikongwe?"

"Hapana, Susu," mtoto akajibu, na alimwita hivyo bila kufikiri. "Huyo hachaguliwi. Ni wa kuuliwa tu."

Mama akatikisa kichwa, akamshukuru.

Tangu siku hiyo aliacha. Hakutangaza. Nilikuja kujua kupitia kwa Soila, aliyemleta mjukuu mpya asubuhi moja na mtungi wa maziwa, akamfunua kifua kama kawaida. Mama alimpakata, akamwimbia, akamrudisha. Soila akasubiri. "Bado," akasema. Mama akajibu kwamba siku hizi kinywa chake kinakauka, ni uzee. Soila akasema yeye anaweza kuketi hapo mpaka kilowe. Akaketi kweli. Jua likapanda, maziwa ya wateja wake yakaanza kuharibika, na mwishowe akainuka akamfunika mtoto. Sijui alikuwa na hasira na nani, lakini lango alilibamiza.

Niliandika kwa mchapishaji, nikaandika kwenye gazeti, nikaenda kwa Roy tena na tena hadi askari wa mlangoni akaanza kuniita mama. Sikupata chochote. Ningejibiwa kwa matusi labda ningepumua. Wote walinisikiliza vizuri, wakaniletea chai.

Binti yangu Muthoki alifanya mtihani wake wa darasa la nane mwishoni mwa mwaka, akaitwa shule ya bweni Kajiado. Tulimtoa nje asubuhi ya Februari 2009, sanduku lake la bati likiwa limeandikwa jina kwa rangi nyeupe, baba yake akihangaika na gari la kuazima. Ukame ulikuwa umekaza. Hata asubuhi ile mapema mabati yalikuwa yanalia kwa joto, na wa kutoka Kajiado walituambia huko ni tanuri. Mama alitoka na fimbo yake kumuaga.

Muthoki hakuwa mtoto wa kuambiwa. Alikuwa ameona kila kitu nyumbani kwetu mwaka ule, na alikuwa na umri wa kuona aibu kwa kila jambo. Alimwendea nyanya yake mbele ya majirani wote waliokuwa wakichota maji, mbele ya Caren, akapiga magoti vumbini na sketi yake mpya. Akafungua kifungo cha juu cha shati. Akafumba macho, akangoja.

Nilimwona mama akimeza mate. Midomo yake ilikaza, ikalegea. Alitazama upande wa bomba, ambako ndoo ilikuwa imejaa na inafurika na hakuna aliyekuwa akiisogeza. Kisha akainama kwa taabu, akaegemeza fimbo kwenye bega la mtoto, na kwa vidole vyake vyote kumi akakifunga kile kifungo.

"Jikinge," akamwambia. "Huko Kajiado kuna baridi."