Waliomlilia Modest kwa Mbali

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo mnadani Dongobesh, mchana kweupe, Modest alipopigwa rungu la kisogo akafa. Ukainama kuchagua nyanya. Mwalimu Chikondi hakuwepo. Yeye ni mgeni, katoka Malawi kuja kufundisha hesabu. Lakini yaliyofuata aliyaona, wala hakugeuza uso.

Modest alikuwa mwanafunzi wake. Siku ile vijana wa mchuuzi mmoja wa mifugo walikuwa wakimnyang'anya mzee Gidabuday, mfugaji wa Yaeda Chini, dume lake la ng'ombe. Modest akasimama katikati. Hilo ndilo kosa lake.

Baada ya maziko Chikondi alipanda mlima kwenda kwa Bernadina, mama wa marehemu. Kwao Zomba wanawake hulala ndani na mfiwa, wakajaa mpaka mlangoni. Hapa alikuta ua mtupu, majirani wamesimama ng'ambo ya shamba, wanatazama tu. Damu ikamchemka.

"Shikamoo bibi," alimwambia Getruda, jirani mzee aliyekuwa akitua dumu la maji njiani. "Mbona mnamtenga mama wa watu?"

"Marahaba. Kwani kwenu mnamkumbatia mfiwa mpaka akose pumzi?" Getruda akanyoosha mgongo. "Nyumba iliyoguswa na damu hukaa peke yake mpaka itulie. Yeye hatoki, sisi hatuingii. Ndiyo mila yetu. Lakini angalia vizuri, mwalimu. Usiangalie mlango tu."

Akaangalia. Maharage ya Bernadina yalikuwa yameshavunwa, yamerundikwa mpakani. Kuni zimepasuliwa. Mbuzi wamekatiwa majani. Uji ulikuwa kwenye sufuria njiani, bado unatoa mvuke. Na wale waliosimama mbali, ambao ndio waliofanya yote hayo, walikuwa wakilia kimya kimya.

Hasira ikamtoka, machozi yakaja. "Asante, bibi," alisema. "Asanteni sana."

Bernadina akatokeza mlangoni, asivuke kizingiti.

"Mwalimu, usiwagombeze. Hawa wamenibeba. Tangu tumzike mwanangu sijachota maji, sijashika jembe. Jirani zangu, nawashukuru, Mungu awaone." Akajifunga kanga upya. "Ila nasikia polisi wamemkamata mtu, lakini hawajapata shahidi. Mnada mzima, hakuna shahidi. Mimi mila imenifunga nisitoke. Ninyi mmefungwa na nani?"

Mzee Gidabuday, aliyekuja kwa miguu kutoka bondeni, akainua fimbo yake.

"Mimi naenda. Kijana alikufa kwa ajili ya dume langu."

"Ukienda peke yako watasema unatetea ng'ombe," Getruda alimkatiza. "Na wewe ukianza kueleza, unaanzia kwa babu yake huyo dume. Nami niliona. Ngoja nivae viatu."

Chikondi akateremka nao mpaka kituo cha polisi. Njia nzima alishukuru moyoni kwamba amefika kwa watu wa namna hii, wanaojua kumbeba mtu bila kumgusa.

Wazee hao wawili wamekwisha kusema. Vijana wa mchuuzi nao wamejaa pale nje, wako tayari kuapa kwamba Modest alianguka mwenyewe. Aliyempiga yuko mahabusu, na kwa maneno ya wazee wawili tu ataachiwa.

Bernadina hawezi kutoka kwake. Wewe unaweza. Ulimwona aliyeshika rungu, na jina lake unalijua. Inuka sasa hivi, nenda kituoni ukaseme.