Kinyozi Alivyolikata Ziwa

Wateja walimwita Pipa, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Kila Jumatatu kinyozi huyo alifunga kibanda chake akaenda wodi ya saratani kuwanyoa bure wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimeanza kuwapukutisha nywele. Huko ndiko alikowaona watu wa mbali, wanaopigwa mionzi kila siku kwa wiki sita, wakilala kwenye mabenchi ya ukumbini kwa kukosa pa kufikia.

Siku moja akarudi na habari kwamba sista wa wodi anachangisha pesa za nyumba ya kuwalaza watu hao, naye amejitolea kuliogelea ziwa hadi ng'ambo, kilomita kumi na nane, watu wachangie kwa kila kilomita.

Mkewe, fundi cherehani, aliondoa mguu kwenye pedeli. "Na hilo tumbo?"

"Tumbo linaelea, mke wangu. Wenye shida ni wembamba."

Hakucheka. Mume ana miaka hamsini na mitatu na presha juu! Mwezi mzima alimpa kisogo, akingoja wazimu umtoke. Haukumtoka. Kila alfajiri Pipa alikwenda majini, akarudi macho mekundu na midomo imebabuka, kisha akasimama kibandani kutwa huku wateja wakimwuliza kama samaki nao atawanyoa. Mara mbili alimletea mkewe suruali azipunguze kiuno. Alipoleta mara ya tatu, mkewe aliuliza nani atakuwa kwenye boti siku hiyo.

"Mtu wangu mmoja. Akisema nitoke, natoka. Asiposema, hakuna wa kunigusa."

"Mtu gani?"

"Nilikuwa nasubiri uulize."

Basi ikawa yeye. Waliondoka kukipambazuka, yeye botini na mwendesha boti, mumewe majini, amepakwa mafuta mazito kama mkate. Kila nusu saa alimshushia chupa ya uji mwepesi kwa kamba. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kilomita ya kumi na tatu, upepo ulipogeuka. Mwendesha boti akamwonyesha mke mnara wa simu kule ufukweni: ulikuwa palepale kwa saa nzima. Alimsihi amtoe mzee, maana anachapa maji bure.

Mke akainama ukingoni. Uso wa mumewe ulikuwa umevimba, na midomo haina rangi.

"Nimefika wapi?" aliuliza Pipa.

Angeweza kumdanganya. "Hapo ulipo ndipo ulipokuwa saa iliyopita."

Pipa alilala chali juu ya maji. Mwendesha boti alikwisha kuanza kufungua ngazi.

"Unaniambia nitoke?"

Alimtazama mtu huyu aliyelala naye miaka ishirini na sita, akaona kwamba hata sasa hakuwa akiomba kutoka. "Sikuambii utoke. Njia hii imekataa. Fuata upepo, utokee popote."

"Watu wananingoja kule kwenye mchanga."

"Hukuchangiwa ufike kwa watu. Ulichangiwa ufike ng'ambo."

Pipa akageuka. Ilimchukua saa tatu nyingine, na mahali alipotokea palikuwa mawe matupu, hakuna kamera wala vigelegele. Sheria ya kuvuka kwa kuogelea ilitaka asimame nchi kavu bila kushikwa. Mkewe aliruka majini na gauni lake, akatembea ubavuni mwake, mikono ameifunga mgongoni ili isije ikamponyoka ikamsaidia. Pipa alitambaa, akaanguka, akatambaa tena. Alipofika pakavu akajiinua, akasimama.

Hapo ndipo mikono ilipofunguka. Alimkumbatia, mafuta na yote, akamwambia sikioni, "Leo nimekuona, mume wangu."

Pipa akamwegemea, akaomba uji uliobaki.

Nyumba ya wagonjwa iliezekwa kabla mwaka haujaisha, na mapazia ya kila dirisha aliyashona fundi mwenyewe, akikataa malipo. Pipa naye, kwa wiki mbili baada ya kuvuka, hakuweza kuinua mkono kufikia kichwa cha mtu. Vinyozi wengine walikuwepo, tena karibu, lakini wateja wake walizunguka mtaani na nywele timtim, wakimngoja.