Foleni ya Choo cha Ghorofa ya Pili

Majirani walimwita Mama Makaratasi, ingawa hakuwa na mtoto. Alihamia nchi ya ugenini akimfuata mama yake mdogo, mfagiaji wa ofisi, wakabanana chumba kimoja na ndoo za gundi ya unga aliyotengenezea sanamu za magazeti.

Kituo cha sanaa cha mtaa kikampa kazi ya kuwakusanya wahamiaji wenzake watengeneze sanamu za utamaduni wao. Mkurugenzi alitaka ngoma, vibuyu na watu wanaotabasamu. Mama Makaratasi akaita kikao kwenye korido, akauliza ni jambo gani wanalofanya wote pamoja. Mwishowe fundi cherehani akasema, "Tunapanga foleni ya choo."

Hakuna aliyebisha. Jengo zima lilikuwa na choo kimoja kizima, cha ghorofa ya pili. Vingine mwenye nyumba alivitengeneza kila siku, kwa mdomo. Basi kila mtu akajifinyanga kwa magazeti na gundi: fundi cherehani kabana miguu, muuza mitumba kabeba taulo begani, mama mdogo kashika ndoo na sura ya ugomvi. Mama mdogo aliona makalio yake yamepunjwa, akayaongeza mwenyewe mpaka sanamu ikagoma kupita mlangoni. Ikabidi maonyesho yafanyike palepale koridoni, foleni ikielekea choo chenyewe.

Siku hiyo mkurugenzi alizunguka akitafuta vibuyu. Mwenye nyumba naye alikuja na suti, akitegemea kupigwa picha. Alibugia juisi ya bure, mara tumbo likamsokota. Alipokimbilia chooni, mama mdogo akamzuia, akamwambia kuna watu mbele yake.

"Hizi si sanamu?" akauliza.

"Na sisi wenye sanamu tuko nyuma yao, baba. Shika mkia."

Akashika mkia, akijinyonganyonga. Mgeni mmoja aliyechelewa akampongeza Mama Makaratasi: zote nzuri, lakini ile ya suti imetia fora, hasa lile jasho.

Wiki haikuisha, mafundi bomba wakafika. Vyoo vyote vikafanya kazi, na mwenye nyumba akaacha kumsalimia Mama Makaratasi. Yeye alifurahi, kisha akanyong'onyea: korido ilikuwa tupu, kila mtu kajifungia kwake. Mama mdogo akalalamika kwamba sasa hapati umbea hata wa kulalia. Jumapili akaburuta kiti chake hadi koridoni, akaketi. Fundi cherehani akachungulia, akaleta cha kwake.