Chumvi ya Mikeka

Ukungu ulianza kama vumbi jeupe kwenye ncha za vanila. Kalolaine alilifuta kwa kitambaa, akajiambia ni vumbi kweli. Kesho yake likarudi.

"Zimeshaota ndevu, mama," alisema Ungatea, mfungashaji wake. "Tuzioze kabla hazijaoza zenyewe."

Kalolaine hakucheka. Mwenye kampuni alikuwa ng'ambo, na ghala lile la mji wa Neiafu, visiwani Tonga, lilikuwa mikononi mwake tangu alipomzika mumewe. Mnunuzi alikuwa njiani. Akiyakataa masanduku ya vanila, kampuni inafungwa, na wajane wenzake waliochavusha maua yale kwa vidole, ua baada ya ua, watakuwa wamefanya kazi bure.

Aliyejua dawa ni Paongo, meneja wa kampuni iliyo upande wa pili wa bandari. Mwaka jana watu walimwona akichoma vanila nyuma ya ghala lake. Mwaka huu zake hazina ukungu. Lakini bosi wake, mzee Lolohea, alikwishakataza: neno la kazi lisivuke geti.

Na Paongo alikuwa mtoto wa baba yake mdogo. Kwa Watonga huyo ni kaka, na kaka hamnyimi dada kitu. Kalolaine angeamuru tu, naye angesema, kisha angefukuzwa kazi. Hilo lilimnyima usingizi. Akapiga magoti. Hakuomba ukungu uondoke. Aliomba asichukue cha mtu kwa sababu ya damu.

Jumamosi walikuwa wakisafisha kanisa, yeye ndani akipanga maua, Paongo nje akifagia, maana kaka na dada hawaketi pamoja wakapiga soga. Ila kwa miaka mingi dirisha lililo kati yao limepitisha mengi: dereva yupi mlevi, mnunuzi yupi mjanja, mzani upi unadanganya. Hawakuwahi kusalitiana. Jumamosi hiyo Kalolaine alisogea dirishani.

"Leo nimekuja kama meneja, kaka. Dada nimemwacha nyumbani."

"Afadhali," alisema Paongo, macho kwenye ufagio. "Yule haombi, anabeba."

"Basi unaweza kunikatalia. Ila nina changu nikupe kwanza."

Akamweleza kwa nini vanila za ghala la Paongo hupasuka. Wafanyakazi wake walikuwa wakitumbukiza kapu zima kwenye maji ya moto kwa pamoja. Maji yanapoa, nyingine hazifi, zinaendelea kuiva na kupasukia ndani ya mablanketi zinamofungwa zitoe jasho. Wachovye kidogo kidogo.

Paongo aliegemeza ufagio ukutani. Kalolaine akarudia maua yake.

"Masanduku umeyatandika nini?" sauti ya Paongo ikauliza kutoka nje.

"Mikeka mipya. Kina mama wameifuma wenyewe."

Kwani kwa Watonga kitu cha thamani hutandikiwa nini kingine?

"Na mimi niliitandika mwaka jana. Nilitaka niziheshimu." Akashika tena ufagio. "Ilambe, dada."

Kalolaine alikwenda ghalani, akagusa pembe ya mkeka kwa ulimi. Chumvi. Majani ya mkadi, yanayofumiwa mikeka, huloweshwa baharini yawe meupe, na chumvi ile ilikuwa ikivuta unyevu sandukuni kimyakimya. Paongo alichoma mavuno mazima kwa kosa hilo, akalifunika kwa aibu.

Wakaitoa mikeka, wakafuta vanila kwa spiriti, wakazianika kwenye chanja zenye upepo, wakatandika karatasi ya nta masandukuni. Zilizoharibika sana alizifukia mwenyewe. Mnunuzi alipokuja alinusa, akanung'unika, akachukua zilizobaki.

Paongo naye hakungoja kuchongewa. Alimwendea Lolohea, akasema alichotoa na alichopewa. Mzee aliingia ghalani. Alijaza kikapu kidogo vanila, akachovya kwenye maji ya moto, akazifunga katika blanketi, akasubiri. Siku alipolifungua hakuona hata moja iliyopasuka.

"Huyo mama anajua nini kingine?" aliuliza.

Jumamosi iliyofuata Kalolaine alisikia mifagio miwili chini ya dirisha, mmoja wa mzee asiyezoea kufagia.

Jioni aliibeba ile mikeka hadi makaburini, akamtandikia mumewe juu ya kaburi. Pale unyevu haukuwa na cha kuharibu.