Pa Kufungia Utepe

Kiangazi kizima nilikuwa na ombi moja tu, mpaka kila mtu nyumbani akanichoka. Nilitaka niendeshe Benzi jipya la Baba Mdogo Zef siku ya kwenda kumchukua bi harusi wa kaka yangu Gjovalin. Basi. Shule nimemaliza, matokeo yenyewe tusiyazungumzie, chuo sijui, kazi sijui. Hilo la Benzi ndilo nililokuwa nalijua.

Maana mjini kwetu Shkodër, gari ni Benzi. Mengine ni vyombo vya usafiri tu. Baba yangu, Ndue, ana la kwake la miaka ya themanini, rangi ya maziwa, na Mama aliletwa nyumbani ndani yake siku ya harusi yao. Ukilitazama mbele limesimama wima, kifua nje, kama mtu aliyeambiwa na mpiga picha asitikisike. Taa kubwa za pembe nne. Bampa linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Taa za nyuma zina mifereji mifereji, na Baba akipata mgeni lazima amweleze kwamba ile si urembo, ni ili tope lisizibe taa yote. Halafu juu ya boneti, ile nyota yenyewe, imesimama peke yake mbele ya macho yako, unaifuata kama unawinda kitu. Kuugusa usukani wake mimi sijawahi. Kuliosha, ndiyo. Kuliosha nimeliosha tangu nikiwa nafikia matairi tu.

Sasa hilo la Baba Mdogo. Alilileta mwenyewe kutoka Stuttgart, anakofanya kazi ya vigae, na siku alipoingia nalo mtaani kwetu mimi nilisahau kumsalimia. Jeusi. Halina pembe hata moja. Lile la Baba unaona kabisa mtu alikaa na rula akachora. Hili ni kama jiwe la mtoni, kama maji yamelipitia na kulipitia mpaka yakaridhika. Taa zake nyembamba, kama macho ya mtu anayekupima kabla hajakujibu. Nyota haijasimama tena juu, imelala katikati ya uso, kubwa kama sahani. Na vitasa vya milango! Havipo. Umelala mlango mzima, laini, halafu ukisogea na ufunguo mfukoni vinatoka vyenyewe, taratibu, kama gari linakupa mkono.

"Limefanana na sabuni iliyotumika," Baba alisema siku hiyo.

"Kaka, ingia basi ukae," Baba Mdogo akamwambia.

"Sina haja. Nina langu."

Baba Mdogo alikubali niendeshe mimi kwa sababu moja ya maana. Yeye ndiye kiongozi wa msafara, na kiongozi wa msafara hawezi kukataa raki nyumbani kwa wakwe. Akinywa haendeshi. Ila akanipa sharti.

"Pjerin, gundi sitaki. Selotepu sitaki. Rangi ya hili gari ikipata hata alama ya ukucha, nitakurudisha shule ya msingi."

"Sasa nitalipamba vipi, bamdogo?"

"Si wewe ndiye fundi? Kiangazi chote umenikaba shingo."

Asubuhi ya harusi, Gjovalin ndani ananyolewa, mimi uani na boksi la tepe nyeupe na shada kubwa la maua. Bwana harusi kwetu haendi. Anabaki nyumbani kusubiri, kwa hiyo kazi yake yote ni kuchungulia dirishani na kupiga kelele.

"Dogo, usiniaibishe!"

"Nyamaza, utakatwa sikio!"

Baba alianza na lake, ambalo lingefuata nyuma kama gari la pili. Utepe shingoni mwa nyota, akauvuta mpaka kwenye kioo cha pembeni huku, mpaka kile cha kule. Vitasa vinne, mafundo manne. Maua akayafunga kwenye wavu wa mbele kwa waya. Akamaliza, akaenda kunywa kahawa, akakaa kwenye kiti anitazame mimi.

Nikazunguka. Nyota hakuna, yaani ipo, lakini imelala, utaifunga wapi? Nikafunga tepe kwenye vitasa, vikapendeza kweli. Nikasogea hatua chache niangalie vizuri, vitasa vikarudi ndani, mafundo yakateleza, yakaanguka chini yote. Shada la maua lilikuja na sumaku kutoka dukani. Nikaliweka kwenye boneti, likateleza polepole mpaka chini, kama mtoto kwenye ubao wa kuteleza. Boneti lenyewe si chuma, ni aluminiamu, sumaku hailijui.

"Mpe kiti akae, amechoka," Baba akasema kutoka kwenye kahawa yake.

"Baba, tafadhali."

"Mimi nimesema nini? Nimehurumia maua."

Mwisho nikapata akili. Utepe mmoja nikaupitisha juu ya paa kutoka dirisha hili mpaka lile, nikapandisha vioo, ukabanwa. Shada nikaliweka ndani, juu ya dashibodi, nyuma ya kioo cha mbele. Nikarudi nyuma nikatazama. Lilikuwa zuri, nakwambia. Jeusi, mstari mmoja mweupe juu, basi. Baba Mdogo akanipiga begani.

Nililiendesha mpaka Koplik, kwao bi harusi, Mirela, na sijui nikueleze vipi. Halina sauti. Mwangaza wa miti unateleza juu ya boneti, unapinda pale linapopinda, unanyooka tena, hauvunjiki mahali. Baba Mdogo pembeni yangu anaimba. Kwenye kioo cha nyuma naiona ile nyota ya Baba imesimama, inatufuata, na nyuma yake magari mengine yote yanapiga honi. Nikasema moyoni, leo Mirela akiingia humu nimemaliza, sina deni na dunia.

Kwao Mirela wanaume wakaingia ndani, raki zikaanza. Mimi na Baba tukabaki na magari, maana tumbo la Baba halitaki pombe. Mwenye mji pale, mwenye mji hasa, ni Nyanya Dila, bibi yake Mirela. Mdogo wa umbo, kitambaa cheusi kichwani, anatembea na fimbo ambayo nadhani haihitaji, ni ya kuelekezea watu. Akaja, akalizunguka Benzi jeusi, akasimama mbele.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, nyanya. Ni harusi."

"Gari jeusi. Maua ndani. Mimi nimezika mume na kaka wawili, gari lenye maua ndani nalijua."

Baba akageuka upande wa pili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nikaona kiangazi changu chote kinaondoka. Lakini Mirela mwenyewe akatokea mlangoni, gauni limejaa baraza nzima, taji la maua kichwani, akaliona gari akacheka. "Shemeji, ni hili? Jamani, zuri!" Nikasogea, vitasa vikatoka vyenyewe, watoto wote wakasema aaah, hata ile fimbo ikashuka. Tukamwingiza na gauni lake, mlango ukajifunga kwa upole, tsk. Baba Mdogo akatoka kwa wakwe anatembea kwa uangalifu mkubwa, akaketi mbele. Nikaondoka.

Sasa kwao, gari la bi harusi linatoka polepole kichochoroni, ndugu wanatembea pembeni, wanaimba, wanampungia mkono mpaka barabara kubwa. Tonin, mpiga video, alikuwa anatembea kinyumenyume na kamera. Mara akasimama, akagonga kioo changu.

"Pjerin, bi harusi yuko wapi?"

"Si yuko nyuma."

"Mimi najiona mwenyewe tu. Nimepiga picha tumbo langu kichochoro kizima."

Vioo vya nyuma vilikuwa na giza, Baba Mdogo aliviweka mwenyewe kwa ajili ya jua la safari. Na si giza tu. Madirisha ya magari mapya ni membamba, mlango umepanda juu, kioo kimebaki kama ufa, na hiyo ndiyo inayolifanya lionekane kama linanyemelea. Nilikuwa napenda hilo kuliko kitu chochote. Nyanya Dila akawa ameshafika ubavuni, anabandika uso kwenye kioo, anagonga kwa pete.

"Mirela! Mirela, uko humu?"

"Niko hapa, nyanya!"

"Sikuoni!"

"Teremsha kioo, shemeji," Mirela akaniambia. Nikateremsha. Nilichosahau ni kwamba utepe wangu ulikuwa umeshikwa na kioo hicho hicho. Ukateleza juu ya paa, ukaanguka vumbini. Na hata kioo kiliposhuka chote, mlango ulikuwa juu kiasi kwamba kilichoonekana ni taji na macho mawili, kama mtoto anayechungulia kaunta ya duka.

Watu wakaacha kuimba. Nyanya Dila hakufoka, na afadhali angefoka. Alinyoosha mkono akamshika Mirela kwenye paji la uso, pale palipofikika.

"Nilitaka nikuone mpaka pale kona," akasema. "Basi."

Mirela akanitazama kwenye kioo cha ndani. "Shem, nimekaa kwenye kiti cha msusi tangu alfajiri," akasema polepole. "Hakuna atakayeniona?"

Baba Mdogo alikuwa anatazama mbele. Angeweza kusema twende. Mimi pia ningeweza. Barabara kubwa ilikuwa pale pale, na kuanzia pale ni mimi na lile gari mpaka nyumbani, Shkodër nzima imesimama. Nilikuwa nimeshaota mpaka jinsi nitakavyopiga kona ya mwisho.

Nikatoa kichwa dirishani. "Baba! Lete lako hapa ubavuni."

Nilingoja anitanie kwanza. Akaanza kulileta. Ila Nyanya Dila akainua fimbo.

"Hashuki! Akishaketi, mguu wake haugusi tena udongo wa kwao. Akigusa, amerudi."

"Hagusi, mama," Baba akamjibu. "Ngoja uone."

Akaliingiza Benzi la maziwa kwenye kile kichochoro, akarudi nyuma kidogo, akaja mbele kidogo, mpaka vizingiti vya milango miwili vikakaribiana kama majirani wanaosengenya. Jeusi huku, jeupe huku. Nikaona kile kilichokuwa kinanisumbua asubuhi yote, moja limenyooka limejitokeza kila mahali, jingine limejikunja halitaki kushikwa, na yote mawili yanang'aa kwa jua lile lile. Mlango wa Baba ukafunguka kwa kile kitasa kikubwa chenye fundo. Wanawake wawili wakashika gauni, Baba akatoa mkono, Mirela akavuka kutoka kizingiti kimoja hadi kingine. Mguu haukugusa.

"Sasa ndiyo," Nyanya Dila akasema. Maana ndani ya lile Benzi la zamani vioo vinaanzia kiunoni, nguzo za paa nyembamba kama vidole, na Mirela alionekana mzima, taji, mabega, maua mkononi, kama yuko kwenye kabati la vyombo vya wageni. Tonin akaanza kukimbia huku na huku na kamera kama mwendawazimu.

Hapo ndipo Baba Mdogo alipouliza kutoka kule mbele, "Na mimi nani ananiendesha?"

Tukatazamana. Yeye haendeshi, raki imeshafanya kazi yake. Aliyebaki pale wa kukabidhiwa gari lile alikuwa mimi au Baba. Nikaanza kurudi kwenye Benzi jeusi, Baba akanishika mkono wa shati.

"Wewe kiangazi chote umetaka kumwendesha bi harusi," akasema. "Bi harusi yuko huku."

Akanipa funguo zake.

"Gia ya pili usiisukume. Iongoze."

"Najua, Baba."

"Hujui. Nenda."

Kurudi huwa hatupiti njia tuliyojia, tukashika ile ya vijijini, upande wa ziwa. Usukani wake mwembamba, mpana kama sinia. Niliifuata ile nyota na utepe wake unapepea, na kila kijiji watu walikuwa wanatoka hadi ukutani, wanamwona Mirela, naye anawapungia, vioo pande zote. Tulipoingia mjini watu waliacha kahawa wakasimama. Mzee mmoja kwenye baiskeli alivua kofia. Sijui kama alimvulia Mirela au gari, sikusimama kumuuliza.

Na nyuma, kwenye kioo, niliona lile jeusi linakuja, ule uso wake mpana, macho yake membamba yamewaka mchana kweupe, linateleza barabarani kama halina matairi. Kwa mbele ndivyo linavyoonekana vizuri zaidi. Kama ningekuwa ndani nisingeliona.

Gjovalin alikuwa ameshasimama getini, sikio zima. Akashika kitasa, akavuta, fundo likabaki mkononi mwake, mlango ukafunguka kwa ile sauti yake nzito. Ngoma zikaanza, watu wakaingia uani, meza zikajaa.

Mama akaniuliza, "Baba yako yuko wapi?"

Nikatoka nje kumtafuta. Baba Mdogo alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, ameshakata tamaa. Baba alikuwa bado ndani ya Benzi jeusi, kiti kimerudishwa nyuma, kiganja chake kinatembea juu ya dashibodi taratibu, pembeni mwa maua.

"Haina hata mshono," akaniambia. "Nimeutafuta tangu Koplik."

"Baba, wanakungoja ndani."

"Nakuja. Funga mlango, unaingiza vumbi." Halafu akapaza sauti kwa mdogo wake. "Zef! Hizi taa za humu ndani, umesema zinageuka bluu. Unabonyeza wapi?"

Nikaufunga mlango. Kitasa kikarudi ndani. Funguo za Benzi la maziwa zilikuwa bado mfukoni mwangu, na yeye hakuziuliza.