Zahanati Kumi za Kulinganishia

Barua za kunyimwa ufadhili huanza na shukrani. Nimepokea tano, najua. Wanakushukuru kwa jitihada, wanalisifu andiko lako, halafu kwenye aya ya pili wanakuua kwa adabu. Kwa hiyo asubuhi ya usaili, nikiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya ukumbi wa mfuko wa utafiti, nilikuwa na roho ya mtu aliyezoea. Ila safari hii mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa. Wangu, na wa mtakwimu wetu tuliyemwita Desimali, ambaye alikuwa ameshatangaza harusi kwa kuutegemea ufadhili huo. Nilimshauri asubiri. Akaniambia mapenzi hayasubiri jopo.

Andiko lenyewe halikuwa na makuu. Katika zahanati za wilaya yetu, mashine ya kupima presha hukaa chumba cha ndani, kwa muuguzi. Mjamzito anafika saa moja asubuhi, anapanga foleni, mgongo unamuuma, saa sita anajiondokea bila kupimwa. Sisi tulitaka mashine itolewe, iwekwe kwenye benchi la mlangoni, kila mama apimwe akifika tu. Zahanati ishirini: kumi zihamishe mashine, kumi zibaki kama zilivyo, za kulinganishia. Baada ya mwaka tuone tofauti.

Mfuko ulikuwa na sharti moja, kwamba mtafiti asije peke yake. Aje na mtoa maamuzi, mshirika tangu siku ya kwanza, ili utafiti usiishie kabatini. Mshirika wetu alikuwa daktari mkuu wa wilaya, mzee mnene na mpole ambaye kisirisiri tulimwita Muhuri. Jina alilipata kwa haki. Kwa miaka minane nilimpelekea karatasi, na kwa miaka minane alizivuta, akazigonga muhuri, akanirudishia huku anaongea na mtu mwingine kwenye simu. Ungempelekea orodha ya vitu vya sokoni angeigonga pia.

Safari hii sharti lilinilazimu nimweleze ana kwa ana. Nilikwenda ofisini kwake wiki sita kabla ya usaili, nikaeleza saa nzima. Mzee alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu, kama zahanati zote zina benchi mlangoni. Nikasema zinayo. Akagonga muhuri. Nikarudi kumsimulia Profesa, bosi wangu, kwamba mshirika wetu amelala usingizi wa mchana mbele yangu, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ndiye aliyeuliza, na Profesa akajibu. Profesa akiongea hata feni hupunguza mwendo. Nilimwona mjumbe wa kushoto akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika, nami nikaanza kumwona Desimali ndani ya suti.

Kisha Mwenyekiti akamgeukia Muhuri. Alitaka kujua, yeye kama mshirika, amefanya nini hadi leo, ukiacha kutia saini.

Muhuri akakohoa. "Nimezihamisha," akasema.

"Umehamisha nini, Daktari?"

"Mashine. Ziko mlangoni."

Mwenyekiti akavaa miwani. Akauliza ni kwenye zahanati ngapi.

"Zote ishirini. Hii ni wiki ya tano."

 Profesa alianza kulipekua andiko, kama anayetafuta ukurasa uliopotea. Mjumbe wa kushoto kichwa chake kilisimama katikati ya safari. Bila zile kumi za kulinganishia hakuna utafiti. Mzee alikuwa ametekeleza jibu kabla sisi hatujapewa ruhusa ya kuuliza swali. Lakini kilichonishtua ni kingine. Katika miaka yangu minane, hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo nililoliandika. Sikuwa nimejiandaa kabisa.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini. Muhuri akaeleza polepole, kama mtu anayeelekeza njia ya kwake. Binti huyu alikuja akanieleza, alisema, nami nikafumba macho ili niwaone vizuri wale akina mama.

"Nikajiuliza, hawa wa zile kumi nyingine nitawaambia wasubiri mwaka mzima kwa sababu gani? Sikuipata."

Akatoa daftari mfukoni. Tangu mashine zitoke nje, wauguzi walikuwa wamewakuta wajawazito thelathini na mmoja wenye presha ya hatari. Mmoja alifika benchi akiona vimulimuli machoni, akakimbizwa hospitali kubwa siku hiyohiyo. Yuko hai, na mtoto wake yuko hai.

 Profesa akaandika kwenye pembe ya karatasi yake, akanisogezea: Sema kumi zitarudishwa.

Na kweli Mwenyekiti akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi ambaye ningesimamia kazi huko zahanati. Je, mashine kumi zinaweza kurudi chumbani, ili utafiti uanze kama ulivyoandikwa? Halikuwa swali la ubaya. Hata mimi ningeliuliza. Nilidaiwa neno moja tu, ndiyo, na Ijumaa ingekuwa siku kama nyingine. Nikamtazama Muhuri. Alikuwa amefumba macho tena, na sasa nilijua kwamba hajalala.

"Hapana, Mwenyekiti," nikasema. "Hazirudi."

Akavua miwani. Akatueleza kwa upole kwamba mfuko hauwezi kufadhili ulinganisho usio na cha kulinganisha, barua tungeletewa. Aya ya kwanza niliijua tayari.

Kwenye korido Profesa alinipita kama anayepita nguzo. Nikampigia Desimali, nikamwambia tumekosa, na sababu. 

"Zote ishirini?" akauliza.

"Zote."

Akasema suti ya harusi haiozi.

Muhuri alikuwa amejibwaga kwenye kimoja cha vile viti vya plastiki, mkoba mapajani. Akaniomba radhi kwa kuniharibia. Halafu akasema, "Nakala ya ile karatasi yako ya mwaka juzi, ya maji ya kunawa wodini, ninayo. Na zile nyingine nne. Ziko ofisini, zote."

Nikamuuliza kama aliwahi kuzisoma.

"Hukuwahi kunieleza, mwanangu. Ulikuwa unaniletea nigonge."

 Mzee akauweka mkoba chini, akapapasa kiti cha pembeni yake, akafumba macho.

Nikakaa, nikaanza kumweleza ile ya maji.