Aliyehesabu Uani mwa Hoteli ya Kaskazini

TANGAZO
Jengo lililokuwa Hoteli ya Kaskazini, Tanga, lililojengwa mwaka 1894, lenye ghorofa mbili na vyumba arobaini, litabomolewa Jumatatu, 11 Machi 1974, saa mbili asubuhi. Wananchi wakae mbali.

1
Mimi Kilua, mpishi wa zamani wa humo, umri miaka themanini na miwili. Sikai mbali. Nina neno la kusema kabla ukuta wa uani haujaanguka, na wa kuambiwa ni mtu mmoja.

2
Waliopigwa uani humo, ninaowakumbuka:
mtumishi wa meza, kwa kuvunja glasi
mtunza farasi, kwa kucheka
Makange, dobi, rafiki yangu, kwa kuunguza kitambaa cha meza siku ya sikukuu ya mfalme wao Wajerumani

3
KANUNI ZA WATUMISHI, 1912. Kifungu cha saba.
Adhabu ni viboko ishirini na tano. Rafiki wa mkosaji atahesabu kwa sauti, wageni walio varandani wasikie. Akikosea, hesabu itaanza upya.

4
Kiboko kilichana shati, kisha mgongo. Damu ilinirukia miguuni. Nilipofika kumi na tisa nikarukia ishirini na mbili. Nilitaka kumpunguzia. Nilijiona mjanja, mjinga mimi!

Bwana mwenye hoteli akaweka bia yake mezani.

"Anza."

Moja.

5
Safari ya pili, kwenye tisa, Makange aliacha kupiga kelele. Mimi sikuacha. Nilimhesabia maiti mpaka ishirini na tano, kwa woga tu, na varandani wakapiga makofi.

6
Daftari la hoteli: Dobi amefariki. Homa. Atafutwe mwingine.

7
Mwantumu, binti yake, alikuwa na miaka mitatu. Sasa ni bibi, na kila Ijumaa huniletea mkate wa sinia.

"Kula, baba Kilua. Ni wewe tu uliyebaki uliyemjua baba yangu."

Miaka yote hiyo nimekula, nikashiba.

8
Jumatatu. Katapila linanguruma. Nikamwambia yote, pale pale uani.

"Tuliambiwa homa," akasema Mwantumu.

"Haikuwa homa, mwanangu."

"Kwa hiyo ungehesabu sawasawa..."

"Labda angeishi. Wenzake waliishi."

Ukuta ukaanguka.

Vumbi.

Ameinama, ameokota jiwe, limemjaa mkononi. Analia na ananijia. Wewe unayesoma, tafadhali usimzuie.

Nimevua kofia.